Anga Ilipita Kwetu: Tunguu, Ngomeni na Shaba

Kuna setilaiti ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, na jina lake ni Uhuru. Hatujalitafsiri. Ndivyo lilivyoandikwa kwenye karatasi za NASA, na ndivyo wanafunzi wa fizikia wanavyolisoma mpaka leo, Boston, Tokyo na kwingineko. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Na iliruka kutoka baharini, karibu na Malindi.

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea kuhusu kampuni za roketi, Starlink, na nchi zinazotaka kujenga viwanja vyao vya kurushia. Saa moja haikutosha kuingiza historia, kwa hiyo tunaiandika hapa. Maana wengi wetu tuliokulia nje tunahadithiwa kwamba habari za anga ni za Marekani na Urusi, kisha China na India, na sisi tumeingia juzi. Kumbe ndani ya miaka ishirini hivi, kati ya 1960 na 1980, miradi mitatu ya anga ilipita kwenye ardhi na bahari ya Waswahili. Mmoja ulikuwa Unguja, mmoja Ngomeni, na mmoja Shaba, kusini-mashariki mwa Kongo.

Swali tunalotaka kujibu ni dogo: walipoondoka, walituachia nini?

Kwa nini walikuja kwetu

Dunia inajizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukiwa umelala kitandani kwako Kisumu, karibu kabisa na ikweta, unabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa na huhisi chochote. Ukiwa Cape Canaveral, Florida, kasi hiyo imeshuka mpaka kama 1,470. Ukiwa London ni kama 1,040 tu. Sasa, roketi inayopeleka setilaiti karibu na dunia lazima ifikie kama kilomita 28,000 kwa saa. Kila kilomita unayopewa bure na dunia ni mafuta uliyookoa. Ni kama nahodha anayesubiri maji yatoke ndipo ang'oe nanga: safari ni ile ile, lakini mkondo unamsaidia.

Jambo la pili ni bahari. Roketi inaruka kuelekea mashariki na inadondosha vipande vyake njiani. Ukiwa na maji matupu upande huo, huna haja ya kuwaza kipande kitaangukia nyumba ya nani. La tatu ni njia yenyewe ya kuzunguka. Ukitaka setilaiti yako izunguke juu ya ikweta, ni rahisi zaidi kuirushia hapo hapo ikweta kuliko kuirushia mbali kisha uikunje njiani.

Pwani yetu ina yote matatu, na wageni walilijua hilo mapema kuliko sisi.

Tunguu, 1960 mpaka 1964

Cha Unguja hakikuwa kiwanja cha roketi, ingawa watu wengi waliamini hivyo. Kilikuwa kituo cha mawasiliano. Wamarekani walikuwa wanajiandaa kumpeleka mtu angani kwenye mradi wa Mercury, na shida yao ilikuwa kumsikia. Chombo kinachozunguka dunia kwa karibu namna ile hakikai juu ya kichwa chako. Kinachomoza, unakipata kwa dakika chache, kinazama. Setilaiti za kupokezana mawasiliano hazikuwepo bado. Kwa hiyo walijenga mnyororo wa vituo kuizunguka dunia: Bermuda, visiwa vya Canary, Kano kule Nigeria, Zanzibar, meli kwenye Bahari ya Hindi, Australia, na kuendelea mpaka kurudi Marekani. Kituo kimoja kikimpoteza, kinachofuata kinampokea.

Mkataba wa kituo cha Zanzibar ulisainiwa Oktoba 1960. Waliosaini ni Uingereza na Marekani. Zanzibar ilikuwa bado chini ya himaya ya Mwingereza, kwa hiyo wenye kisiwa walijadiliwa bila wao kuwa wasemaji. Kituo kikajengwa Tunguu, kwenye njia ya kutoka mjini kuelekea mashariki ya kisiwa.

Siasa zikawaka mara moja. Hizbu, yaani chama cha ZNP, kiliandamana kukipinga. Hoja yao ilikuwa kwamba hiki ni kituo cha kijeshi kwa jina lingine, na kwamba kitakiingiza kisiwa kidogo kwenye ugomvi wa wakubwa. Wamarekani wakasema ni sayansi tu. Kwa upande wa vifaa walisema kweli, maana hapakuwa na makombora Tunguu. Lakini ukitazama mwaka wenyewe, vita baridi ikiwa imepamba moto, na ukikumbuka kwamba hakuna Mzanzibari aliyeulizwa, utaona wasiwasi ule haukutoka hewani.

Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn akawa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Alizunguka mara tatu, kwa saa karibu tano. Alipovuka Afrika, Kano walimkabidhi kwa Zanzibar, na ni alipokuwa juu ya Zanzibar ndipo alipofanya zoezi lake la kuvuta kamba ya mpira ili madaktari waone moyo wake unavyopiga kule juu. Kisha akaingia Bahari ya Hindi na kuliona jua likizama. Kwa hiyo dakika chache za safari ile iliyoandikwa kwenye kila kitabu cha historia cha Marekani zilipitia masikioni mwa watu waliokaa Tunguu.

Halafu ikaja Januari 1964. Hapa tunatembea kwa tahadhari, maana tunajua kwenye nyumba zetu, za Muscat, za London na za Unguja kwenyewe, mwaka ule unasimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Kwa mada yetu inatosha kusema hivi. Mapinduzi yalitokea tarehe 12. Siku iliyofuata meli ya kivita ya Marekani ilichukua raia wake, wakiwemo wafanyakazi wa kituo. Na miezi michache baadaye serikali ya Karume iliagiza kituo kiondolewe. Yaani chama kilichoandamana dhidi ya kituo kilipinduliwa, na waliokipindua wakakifukuza kituo kile kile. Pande mbili ambazo hazikuelewana kwa lolote zilielewana kwa hilo.

Kazi ya Zanzibar ilihamia Madagaska, ile Bukini ya wazee wetu. Na huko nako, mwaka 1975, serikali mpya ilidai kodi ya miaka ya nyuma, wakashindwana, kituo kikafungwa.

Tunguu ya leo inajulikana kwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, ambacho kina kampasi yake hapo. Ukipita na daladala hakuna cha kukuonyesha kwamba sauti ya mwanaanga ilishawahi kushuka mahali pale.

Ngomeni, bahari iliyokodishwa

Mradi wa pili ulikuwa wa Waitaliano, na huu ndio uliodumu. Baba yake alikuwa Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha La Sapienza, Roma. Desemba 1964 timu yake ilirusha setilaiti ya kwanza ya Italia, San Marco 1, lakini kutoka Marekani. Broglio alitaka ikweta. Italia haina ikweta. Alichofanya ni kuchukua majukwaa ya chuma, kuyavuta mpaka Kenya na kuyasimamisha baharini kwenye ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Moja likaitwa San Marco, la kurushia roketi. La pili, Santa Rita, ambalo asili yake lilikuwa jukwaa la kuchimba mafuta, likawa chumba cha kuongozea.

Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 iliruka kutoka pale na kuingia kwenye njia yake. Kati ya siku hiyo na Machi 1988, setilaiti tisa ziliruka Ngomeni, zote kwa roketi ya Kimarekani iitwayo Scout. Nne zilikuwa za Italia, nne za Marekani, na moja, Ariel 5 ya 1974, ilikuwa ya Uingereza. Wale mliosoma shule za Uingereza, jiulizeni kama kuna mwalimu aliyewahi kuwaambia kwamba setilaiti ya Malkia ilipandia Malindi.

Katika hizo tisa, Uhuru ndiyo iliyobadilisha sayansi. Siku yake ya kuruka iliangukia Jamhuri, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, na msimamizi wa mradi huko NASA, Marjorie Townsend, akaipa jina hilo kwa heshima ya wenyeji. Miale ya eksirei haipenyi hewa ya dunia, kwa hiyo kabla ya hapo wanasayansi walikuwa wakiichungulia kwa dakika chache chache, kwa roketi ndogo zinazopanda na kushuka. Uhuru ilikaa juu zaidi ya miaka miwili ikipekua anga yote. Ikweta nayo ilisaidia: njia ile iliiepusha na sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo. Orodha yake ilifikia vyanzo 339. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilikuwa kinawakawaka kwa kasi isiyo ya kawaida, na uchunguzi uliofuata ukakifanya kuwa kitu cha kwanza ambacho wataalamu wengi walikubali kuwa ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Sasa tugawanye hisa. Roketi ilikuwa ya Marekani. Wahandisi wa kurusha walikuwa Waitaliano. Data zilikwenda Marekani. Kenya ilileta bahari, mahali na jina. Wakenya waliajiriwa pale, na wapo wanaoendelea mpaka leo, kwa sababu kituo cha nchi kavu hakijafungwa. Siku hizi kinaitwa Kituo cha Anga cha Luigi Broglio, na kinapokea data za setilaiti za wengine. Darubini ya NASA iitwayo Swift, iliyorushwa mwaka 2004, inateremsha data zake Malindi. Lakini kwa miaka ile yote ya kurusha, Kenya haikuwa na shirika lake la anga. Hilo lilianzishwa mwaka 2017, nusu karne baada ya San Marco 2.

Si kwamba mlango ulifungwa kabisa. Mwaka 2016 Italia na Kenya zilisaini mkataba mpya, wenye vipengele vya mafunzo na kushirikiana ujuzi. Na Mei 2018 setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, kijisanduku cha sentimita kumi kila upande, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, Wajapani wakatoa nafasi ya kuirusha, na waliosaidia kuitengeneza walikuwa La Sapienza, chuo kile kile cha Broglio. Ukitaka kuona faida ya Ngomeni, itazame hapo, kwenye wale wanafunzi na walimu wao.

Shaba, na kampuni ya kwanza binafsi

Watu husema roketi za kampuni binafsi zilianza na Elon Musk. Ndugu zetu wa Katanga wana habari tofauti.

Mwaka 1975 Mjerumani Lutz Kayser alianzisha kampuni iitwayo OTRAG. Lengo lake lilikuwa roketi ya bei rahisi. Badala ya injini moja ya ghali, afunge pamoja mabomba mengi yanayofanana, kama mtu anayefunga mzigo wa kuni, na atumie vifaa vya kawaida vya madukani. Vali za mafuta, kwa mfano, zilifunguliwa na mota za waipa za gari. Mwenyekiti wake alikuja kuwa Kurt Debus, mtu aliyekuwa mkuu wa Kennedy Space Center wakati wa safari za mwezini. Hawakuwa wababaishaji.

Walichokosa ni ardhi, na Mobutu akawapa. Mkataba wao na Zaire uliwapa kilomita za mraba zipatazo 100,000 kwenye jimbo la Shaba, mpaka mwaka 2000. Chukua Rwanda na Burundi, uziunganishe, halafu uzidishe karibu mara mbili. Ndilo eneo aliloachiwa mtu mwenye kampuni.

Roketi ya kwanza iliruka Mei 1977, ya pili Mei 1978, na zote mbili zilikuwa za majaribio tu. Ya tatu, Juni 1978, Mobutu mwenyewe alikwenda kuitazama, na ikashindwa mbele ya macho yake. Wakati huo majirani walikuwa wameshapiga kelele, Tanzania, Zambia na Angola zikiwemo, maana hakuna anayependa kuona Mjerumani akijaribu makombora nyuma ya ukuta wake. Sovieti walilalamika, Wafaransa hawakufurahi. Aprili 1979 Mobutu akafunga mradi, na OTRAG ikahamia Libya.

Wazo la Kayser halikuwa la kijinga. Roketi za bei rahisi, zilizotengenezwa kwa wingi na kampuni isiyo ya serikali, ndizo zinazotawala leo. Lakini Shaba, jimbo lenye jina la madini ambayo wengine wamekuwa wakiyachimba na kuondoka nayo, lilipata nini? Haukubaki ujuzi, na roketi nyingine haijaruka pale.

Azimio la Bogotá

Kuna kipande kimoja cha hadithi hii ambacho hakisimuliwi. Desemba 1976, miezi mitano kabla ya roketi ya kwanza ya Shaba, nchi za ikweta zilikutana Bogotá, Colombia. Kenya, Uganda na Zaire zilikuwepo na zikasaini. Walidai kwamba ile njia iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako setilaiti inaonekana kama imesimama pale pale, ni sehemu ya nchi zilizo chini yake. Kama unataka kuegesha juu ya Kenya, uombe ruhusa Nairobi.

Dunia iliwacheka. Mkataba wa Anga wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kumiliki anga za juu, na wenye setilaiti wakaendelea kuegesha. Kisheria azimio lile lilishindwa. Ila ukiliweka kando ya mambo mengine ya miaka ile, unaliona kwa jicho jingine. Zaire ilikuwa inadai umiliki wa anga iliyo mbali kilomita elfu thelathini na zaidi, huku imeshamkabidhi Mjerumani eneo la ardhi yake kubwa kuliko nchi nyingi. Kenya ilikuwa na kiwanja cha roketi kwenye maji yake na haikuwa na mhandisi wake wa roketi. Walijua kwamba wana mali, lakini wakaitafuta juu sana.

Ikweta imeshuka bei

Tarehe 15 Aprili 2023 Taifa-1, setilaiti ya kwanza ya Kenya ya kupiga picha za dunia, iliruka. Wahandisi wa Kenya waliisanifu wakishirikiana na kampuni ya Bulgaria, kwa shilingi milioni 50 za Kenya. Iliruka kutoka wapi? California. Ilipanda Falcon 9 ya SpaceX pamoja na setilaiti nyingine nyingi, kama abiria wa matatu.

Mbona sio Malindi? Kwa sababu biashara imebadilika. Roketi inayorudi na kutumika tena, na inayobeba wateja wengi kwa mkupuo, imefanya usafiri kuwa rahisi. Mwaka 2024 peke yake roketi za Falcon ziliruka zaidi ya mara 130. Na setilaiti za kupiga picha zinapenda kupita juu ya ncha za dunia, kaskazini kwenda kusini, ili zione kila mahali. Kwa njia hiyo msukumo wa ikweta hausaidii kitu. Mali tuliyoikodisha miaka ya sitini bado ina thamani kwa kazi fulani, lakini si tiketi tena.

Kinachouzika sasa ni watu. Tazameni Emirates, ambako wengi wenu mnaishi. Mwaka 2006 walianza kupeleka vijana wao Korea Kusini, wakae kiwandani na Wakorea wakijenga DubaiSat-1. Kufikia 2018, KhalifaSat ilijengwa Dubai na Waemirati wenyewe. Februari 2021 chombo chao cha Al-Amal kikafika Mirihi, kikiwa kimejengwa pamoja na Chuo Kikuu cha Colorado na kurushwa kutoka Japani. Hawakurusha chochote kutoka kwao. Pesa walikuwa nazo, ndiyo, lakini Italia nayo ilitumia pesa. Tofauti ni kile walichokiandika kwenye mkataba: vijana wetu watakaa na ninyi chumba kimoja. Uganda na Rwanda, kwa pesa kidogo sana, zimefanya jambo kama hilo na Wajapani kwa setilaiti zao ndogo.

Na viwanja vinarudi. Oman ilirusha roketi yake ya kwanza ya majaribio kutoka Duqm, Desemba 2024. Uturuki inataka kujenga Somalia. Kenya nayo inaongelea kiwanja chake. Wakati huo huo, siku moja kabla ya mwaka 2024 kuisha, pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, ikitoka kwenye roketi ya watu wengine. Kwa hiyo tukitaka tusitake, tumo.

Basi mtakaposikia mkataba mpya umesainiwa, msiulize roketi ni kubwa kiasi gani. Ulizeni wahandisi wetu wangapi watakaa kwenye chumba cha kuongozea, nani atakuwa na haki ya data, na majirani wa kiwanja wameulizwa au la. Tunguu hawakuulizwa. Ngomeni walisubiri nusu karne. Shaba bado.

Ombi letu la mwisho. Waliofanya kazi Tunguu wakiwa na miaka ishirini, sasa wana zaidi ya themanini. Kama nyumbani kwenu yupo babu, bibi au mzee wa mtaa aliyefanya kazi kituoni pale, au Ngomeni, awe alikuwa fundi, dereva, mpishi au mvuvi aliyeambiwa asogeze mashua yake, mkalie kitako na simu yako umrekodi. Ukituruhusu, tutamweka hewani.